Bi Mratibu na Matoleo Yasiyotaka Kulingana

Hakuamini kitu kilichofanya kazi mara ya kwanza. Ukimpelekea kipande cha programu ukamwambia umekijaribu na kimekubali, alikutazama juu ya miwani kama mtu aliyeletewa papai bichi akaambiwa limeiva. "Kimekubali nini?" angeuliza. "Umekiuliza suala gumu, au umekisalimia tu kikaitikia?"

Sisi tuliofanya kazi naye hatukumwita kwa jina lake. Tulimwita Bi Mratibu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoishika katika kikundi chetu. Hata fundi wa simu aliyekuja kutengeneza waya nyumbani kwake Kiponda aliondoka akimwita Bi Mratibu, bila ya kujua anaratibu nini.

Alikuwa anaratibu programu ya kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za bibi wa Mji Mkongwe mwenye ukumbi wa juu na harufu ya udi, hutarajia habari za mapishi. Programu yetu ilipanga ratiba za masomo. Ilikuwa programu huria: yeyote aliweza kuichukua bure, kuifungua ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Walioiandika walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao hapa Unguja na mmoja Masqat huko Omani, na hakuna aliyelipwa. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila muhula ndiye aliyebebeshwa ratiba ya skuli yake, mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, walimu wachache na madarasa mengi. Alianza kwa kuichukia kazi hiyo, akaishia kutafuta namna ya kuitwisha kompyuta.

Mimi niliingia kwa mlango wa duka. Nilikuwa nauza karatasi na kupiga fotokopi Mkunazini, na kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyonyofoka kurasa na kwa kuiharibu mashine ya tajiri wangu na kuitengeneza kabla hajarudi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu isiyomtoka. Anadhani kuna ukurasa mmoja ambao wenzake wote wameusoma, yeye tu haukumfikia. Hofu hiyo ninayo mpaka leo. Barua pepe ya mistari mitatu naisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Nikiwa naye nilipumua, na hiyo ndiyo sababu ya kumwandika.

Yeye naye alikuwa na hofu yake, na alinieleza mapema, tukinywa chai kwenye ukumbi wake. Alipokuwa msichana, marehemu baba yake alikuwa akipiga fidla katika kilabu kimoja cha taarabu cha mtaani. Wapigaji wakagombana, nani akae mbele siku ya harusi, kilabu kikapasuka.

"Basi hapo ungeona maajabu," alisema. "Vilabu viwili, uchochoro mmoja, nyimbo zile zile. Hawa wakianza, wale wanapandisha sauti. Baba na mwenzake aliyekuwa akimnyoa kila Alkhamisi wakawa hawasalimiani mpaka mmoja akafa. Na nyimbo ni zile zile, mwanangu! Ungekaa katikati usingejua nani kaimba."

Alichokiogopa ni hicho: kwamba kikundi chetu kitapasuka, kila mmoja akae na programu yake, awe na haya ya kumsalimia mwenzake. Katika kazi kama yetu jambo hilo ni jepesi mno. Hakuna wa kukuzuia. Unachukua nakala, unafunga mlango, basi.

Na kazi yenyewe ilimtaka aishi karibu na hatari hiyo, kwa sababu programu haikuwa moja. Daima kulikuwa na matoleo mawili yakienda pamoja. Moja lilikuwa mikononi mwa skuli, limetulia, haliguswi ila kwa kurekebisha kasoro. Jengine ndilo tuliloliandika kila siku, limejaa mambo mapya, leo linakwenda, kesho linaanguka. Wenzetu wa nchi nyengine wanayaita matoleo hayo kwa namba. Yeye aliyaita Baraza na Jiko.

"Barazani mgeni anakaa," alitufundisha. "Hapana moshi, hapana ngozi za vitunguu. Jikoni ndiko kunakopikwa, na mwenye kuingia jikoni asilalamike akiungua. Lakini nyumba ni moja. Kitakacholiwa barazani kimetoka jikoni. Na bomba likivuja barazani, nenda jikoni ukaangalie, maana mfereji ni mmoja."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kazi yake khasa. Kasoro ikirekebishwa Baraza na kusahauliwa Jiko, toleo jipya likitoka, kasoro ile ile inarudi, na mwalimu aliyeilalamikia mwaka jana anailalamikia tena, safari hii kwa matusi. Kwa hivyo kila kiraka, yaani kila rekebisho, alikibeba kwa mkono wake kutoka huku kwenda kule. Alichapisha sehemu zilizotofautiana, akazitandaza juu ya busati, Baraza kushoto, Jiko kulia, akapita katikati miguu mitupu, akiimba kwa sauti ya chini. Ukimsikia anaimba ulijua mambo yanalingana. Akinyamaza, ulisubiri uitwe.

"Weee wa Mkunazini!"

"Naam, Bi."

"Huku umeandika mwalimu asipewe vipindi vitatu mfululizo. Kule umeandika vinne. Huyu mwalimu akihamia toleo jipya anaota pafu la tatu?"

Kabla kitu hakijatoka Jiko kwenda Baraza, kilionjwa. Alikuwa na waonjaji wake, na sharti lao lilikuwa moja: wawe wanaichukia kompyuta. Alimpenda zaidi karani mmoja wa skuli ya Ng'ambo, mwanamke mwenye kucha ndefu na subira fupi. "Anayeipenda ataisamehe," alisema Bi Mratibu. "Huyu hasamehe hata mume." Karani alikaa mbele ya mashine, akabonyeza kwa ncha ya ukucha, akafyonza kama aliyeudhiwa. Kila alipofyonza, Bi Mratibu aliandika. Mimi nilisimama nyuma nikitokwa na jasho, nikiona kazi yangu ya wiki nzima ikihukumiwa kwa mdomo wa mtu anayetaka kwenda kununua samaki.

Alikuwa na mikinzano mingi, na mingine ilinichekesha mpaka nikaona haya. Mwanamke huyo, aliyeweza kukwambia kiraka kipi kimeingia toleo lipi na kwa nini, kwenye kompyuta yake mwenyewe mafaili yalikuwa na majina kama haya: "mpya", "mpya ya pili", "mpya kweli", "mwisho", "mwisho wallahi". Alihubiri kwamba barua ya hasira ilale kwanza ndipo ipelekwe, na barua zake za furaha ndizo zilizotutia mashakani, maana alizipeleka papo hapo, akampongeza mtu kwa kazi ya mtu mwengine. Kompyuta aliifunika kitambaa cha kufuma chenye pindo la waridi, na kabla ya kuiwasha alisema bismillahi, kisha akaipiga kofi ubavuni. Nikamuuliza, dua haitoshi? Akasema, "Dua ya kwangu mimi. Kofi ndiyo lugha yake."

Tena alituambia tusikawize kazi kwa kutaka ukamilifu, na yeye akitoka nyumbani alirudi kuutazama mlango, akarudi tena, mpaka jirani aliyekuwa akiuza urojo pale nje akawa anampigia ukelele: "Umefunga, Bi! Nimekuona kwa macho yangu! Nenda zako!"

Kipande nilichokiandika mimi kilihusu walimu wasiofika. Mwalimu akiumwa, programu itafute mbadala, bila ya kuivuruga siku nzima. Nilikiandika, nikakiandika upya, nikakifuta, nikakianza tena. Kilikuwa kinakwenda, lakini kila nikitaka kukipeleka niliona mahali pasiponyooka, nikasema leo nipanyooshe, kesho nipeleke. Wenzangu wakaacha kuuliza. Yeye hakuacha. Mchana mmoja wa joto alikuja dukani mwenyewe, akakaa juu ya rimu za karatasi, akajipepea kwa bahasha.

"Nipe kile cha mbadala."

"Hakijakamilika, Bi."

"Nipe kilivyo."

"Nitaona haya. Kuna sehemu nimezifanya ovyo."

"Na wewe je, umekamilika?"

"Sijakamilika."

"Basi mbona umetoka nyumbani?"

Tajiri wangu, aliyekuwa akijifanya anahesabu kalamu, alicheka mpaka akakohoa. Nikampa diski. Nikamtazama mpaka alipokata kona. Siku chache baadaye karani wa Ng'ambo alikifyonza mara nyingi, kikarudi, nikarekebisha, kikaenda. Nilidhani nitakufa na sikufa. Huenda kwa watu wengine hili ni dogo.

Kilichotushikanisha sote ni desturi aliyoitoa mwezi wa Ramadhani. Kila mtu hapa anajua futari za majirani: sahani ikitoka kwako imefunikwa kawa, hairudi tupu, japo kwa tende mbili au kachori moja. Yeye akaifanya kanuni ya kikundi. Mtu akikuletea kiraka, hata kama hukukitaka, umrudishie kitu: rekebisho, jaribio ulilolifanya, au angalau shukrani yenye neno la maana ndani yake. Kijana wa Masqat aliona ni uchelewesho. "Bi Mratibu, kila nikituma mistari mitano narudishiwa kurasa mbili," aliandika. Naye akamjibu, "Alhamdulillahi. Mwenzako anarudishiwa kimya."

Halafu akaja Fundi wa Kiwengwa.

Alikuwa mtu wa huko huko Kiwengwa, mwenye kushughulikia kompyuta, jenereta na kila kitu chenye waya katika hoteli moja kubwa ya pwani. Aliipata programu yetu kwa mwalimu aliyekuwa shemeji yake, akaifungua ndani, akaona kwamba kupanga walimu na kupanga wahudumu wa hoteli si mambo yaliyo mbali. Badala ya madarasa akatia jikoni, mapokezi, bustani na ufukweni. Badala ya vipindi akatia zamu. Akatupelekea. Wengine wetu tuliguna, tukisema hoteli zina pesa zao, zijinunulie. Bi Mratibu alifurahi kama aliyepata mkwe mwema. Sasa alikuwa na matoleo matatu juu ya busati: Baraza, Jiko, na la Kiwengwa likikaa pembeni karibu na mlango. Alipita kati yao akiimba.

Fundi alikuwa mtani. Akija mjini alisimama chini ya dirisha akaita, "Hodi kwa wenye mji! Mtu wa shamba kaleta viraka!" Naye akijibu kutoka juu, "Vua viatu, umekanyaga mwani!" Akitaka kitu alimwita Mama, akitaka kubisha alimwita Bi Mratibu.

Kosa lililotutia matatani lilikuwa lake Bi Mratibu, na lisingeweza kufanywa na mtu asiyezaliwa Mji Mkongwe. Walimu walitaka siku ya Ijumaa ratiba ifunge mapema, watu wawahi kusali. Tukaandika Jiko kanuni ya Ijumaa: kuanzia saa tano na nusu asiandikwe mtu. Karani akaionja, ikaenda Baraza. Kisha Bi Mratibu, aliyetuambia kila siku kila kitu kionjwe, akaichukua kanuni ile akaitia toleo la Kiwengwa bila ya kumwonjesha yeyote. Alikuwa akiimba. Haikumpitikia kwamba pana pahala duniani ambapo mchana wa Ijumaa hapafungwi.

Ratiba ya hoteli ilibandikwa ukutani kama kawaida. Ijumaa ilipofika, wafanyakazi wakautazama ubao, wakaona kuanzia saa tano na nusu hapana jina la mtu, si mpishi, si mhudumu, si mlinzi wa bwawa. Nani angebisha na karatasi inayompa ruhusa? Wakavua aproni, wakaondoka. Baadhi walikwenda msikitini. Wengine, wa Bara na Wakristo, wakaenda kulala.

Fundi alipiga simu dukani kwangu, maana Bi Mratibu hakupenda simu.

"Mwite! Mwite huyo bibi yako! Hoteli nzima imekwenda kusali!"

"Nzima vipi?"

"Nzima! Hata Joni wa Tanga, Mkristo mtupu, programu imempeleka msikitini! Wageni wamekaa mezani na uma mkononi. Meneja mwenyewe anakaanga mayai, na hajui kukaanga mayai!"

Nilipomfikishia habari, kwanza alicheka mpaka akaweka mkono ukutani. Alicheka ule mcheko wa mtu aliyeona kosa zuri. Kisha akauliza, "Na Fundi?" Nikamwambia: meneja amempa onyo, na amesema likitokea tena atafute kazi nyengine. Hapo alikaa chini.

Kesho yake tulikwenda Kiwengwa. Alibeba visheti alivyovipika mwenyewe, akauambia mlango wake kwaheri mara kadhaa, tukaondoka. Fundi alitupokea nyuma ya hoteli, penye nyumba ya jenereta, kwa sababu hakutaka meneja atuone. Hakutania.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Fundi. Kosa ni langu. Si la kikundi, ni langu mie. Nimekuja kukwambia usoni."

"Nimesikia, na nimeshasamehe." Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, mikono ikizidi kuchafuka. "Lakini mie nnajitenga."

Bi Mratibu alivihamishia visheti mkono wa pili.

"Nina watoto, Bi. Nyinyi mkikosea, skuli zinacheka. Mie nikikosea, nalala nje. Nachukua nakala yangu, nakaa nayo huku. Sitaki tena kitu kiingie mwangu nisikijue kilikotoka."

Nilimtazama Bi Mratibu. Nilijua anasikia nini: fidla mbili katika uchochoro mmoja. Nikangoja ambembeleze. Nilikuwa na maneno ya kumsaidia, nimeyapanga njia nzima. Alichokisema kilinishangaza.

"Basi chukua vyote," alisema. "Usiache hata kiraka kimoja. Aondokaye na nusu hurudi kugombania nusu. Nitakuandikia kasoro zote tunazozijua na bado hatujazirekebisha, zisije zikakuvamia peke yako. Na kanuni ya Ijumaa nimeshaitoa, utaiona." Akampa visheti. "Hivi ni vya watoto. Usile njiani."

Fundi alivipokea kwa vidole viwili, asivitie grisi. Akasema kitu. Jenereta ikaunguruma, hatukusikia.

Tukirudi nilimuuliza kwa nini hakumzuia. Nilikuwa na hasira, nadhani kwa niaba yake. "Na ningemzuia na nini?" alisema. "Programu ni huria. Nikimfungia mlango ndiyo nimeifanya kilabu cha baba."

Kwa maneno alikuwa imara hivyo. Lakini wiki zilizofuata, akipita juu ya busati, hakuimba. Mahali pa Kiwengwa karibu na mlango aliacha wazi, na siku nilipoweka mkoba wangu hapo aliuondoa. Kila tulipopata kasoro yenye kumhusu Fundi, alikaa akaitengeneza ilingane na toleo lake, kwa kukisia, kwa sababu hakujua tena ndani mwake mna nini, akampelekea. Kipande changu cha mbadala kilipopata marekebisho makubwa, alikipeleka pia. Hakujibiwa. Muhula ukaisha, mwaka ukaisha. Kijana wa Masqat akaandika kwamba tunapoteza wakati kwa mtu aliyetukimbia. Mimi mwenyewe nilimwambia, kwa adabu, kwamba sahani zake zinakwenda na hazirudi.

"Mwenye njaa hajibu na chakula kinywani," alisema, akabonyeza akapeleka.

Sikuamini. Mimi mtu asiponijibu barua moja, najua ananichukia, na usiku huo simsamehe wala sijisamehe. Yeye aliandikia ukuta miaka, kila mara akianza kwa salamu kamili, hujambo, watoto hawajambo, kisha kiraka.

Baadaye alistaafu ualimu na akapunguza kazi ya kikundi. Uratibu ukawa wetu sote kwa zamu, jambo lililotosha kunifanya niisome kila barua mara kumi zamu yangu inapokaribia. Nilikuwa simwoni mara kwa mara. Ndipo ikaja habari kutoka skuli moja ya Chwaka: wanatumia programu yetu, printa imegoma, na je, tunaweza kuja kuona? Katika skuli tulizozijua, hiyo haikuwamo. Nikampigia simu kumweleza tu. Akasema, "Nipitie."

Mwalimu aliyetupokea alikuwa binti mchangamfu wa Makunduchi aliyeolewa Chwaka. Alitukalisha mbele ya kompyuta, na nilipoitazama skrini sikuielewa. Ilikuwa ni yetu na si yetu. Juu palikuwa na madarasa. Chini palikuwa na mstari wa maji: bamvua, maji mafu, saa ya kupwa.

"Hawa watoto mama zao wanalima mwani," Mwalimu alieleza. "Siku za bamvua maji yanapwa mbali, na huwa asubuhi, basi asubuhi yote wako pwani wanasaidia. Ukifundisha asubuhi unafundisha madawati. Basi programu siku hizo inawapeleka mkondo wa mchana, na maji yakiwa mafu, hayatoki mbali, inawarudisha asubuhi."

Bi Mratibu aliinama karibu na skrini mpaka miwani ikagusa. "Nani kaifanya?"

"Sehemu ya maji nimeifanya mie na mume wangu. Lakini iliyobaki tuliwekewa na Fundi wa Kiwengwa. Ana yake ya hoteli, akaturudishia madarasa." Kisha akabonyeza kuonyesha mwalimu akiumwa inakuwaje, na mbele ya macho yangu kipande changu kikafanya kazi, pamoja na marekebisho yale makubwa, yaliyoandikwa baada ya Fundi kuondoka. Nilimgusa Bi Mratibu mkono. Alikuwa ameshaona.

"Yuko njiani," Mwalimu aliongeza. "Nimemwita na yeye, hii printa hii."

Alifika na mkoba wa vifaa begani, nywele zimeanza mvi pembeni. Alipotuona mbele ya kompyuta, akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Fundi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa ameoa." Alilitua begi, akalishika tena. "Vyote vilinifika."

"Nimeona."

"Nilivitia vyote. Hakuna hata kimoja nilichokitupa."

"Na jibu je?"

Fundi alijikuna shingo. Akanitazama mimi kama ninayeweza kumtetea. "Nilitaka kujibu, Bi. Nikasema nikimaliza kukitia hiki, nikijaribu, niandike barua nzuri, nimwombe radhi sawasawa. Kabla sijamaliza unaleta chengine. Nikasema basi nimalize na hiki, nijibu vyote kwa pamoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Hukunyamaza, Bi! Ungenyamaza ningejibu!"

Alianza kucheka yeye kwanza, Bi Mratibu, ule mcheko wake wa kuweka mkono ukutani, na hapakuwa na ukuta karibu, akaniwekea mimi begani. Fundi naye akacheka, kwa woga, kisha kwa kweli. Mimi nilicheka mwisho, kwa sababu nilikuwa nimejitambua katika kila neno alilolisema.

Mwalimu alitungoja tutulie. Alikuwa hajui kilichotokea, na hakuna aliyemweleza.

"Basi nambieni jambo moja," alisema. "Nyinyi mnayo yenu, Fundi anayo yake, na sisi hii ya maji. Ipi ndiyo ya asli? Nisije nikawa nawafundisha watoto kwa nakala."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jibu, lenye historia yake na mpangilio wake. Bi Mratibu alinitangulia.

"Ya asli ilikuwa mbovu, mwanangu. Mwalimu akiumwa ilifunga skuli." Alivuta kiti chengine kando ya chake, akafuta vumbi la chaki kwa kiganja. "Hebu tuonyeshe hayo maji, tangu mwanzo, polepole, usituonee haya. Na wewe Fundi, sogea. Huko uliko huoni."